Uliza Ujibiwe: Fremu zangu zimevunjwa, ya jirani imeachwa, naweza kuishtaki halmashauri?

Karibuni tena. Safari hii barua karibu zote ni za viwanja, mashamba na bomoabomoa, nadhani ni vile hela ya korosho ikiingia watu huku Mtwara na Lindi wanashusha tofali, na tofali zikishuka ndo afisa naye anashuka na kopo lake la rangi nyekundu. Nimechagua tatu. Ya kwanza ni ndefu na nimeiacha ilivyo, nimetoa tu majina ya watu.

SWALI

Habari yako mwanangu. Mi ni mama wa miaka 58, nipo huku huku kusini, mji usiuandike maana tunajuana mpaka mbuzi. Marehemu mume wangu alipewa kiwanja na halmashauri 1998, ofa ipo, kodi ya ardhi nalipa kila mwaka risiti ziko kwenye bahasha, na 2009 tukajenga fremu tano zinaangalia barabara, kibali cha ujenzi tulichukua hapo hapo halmashauri. Mume wangu akafariki 2016, nikabaki nakusanya kodi kwa wapangaji, kinyozi, dada wa vitenge, kijana wa uwakala wa pesa, na mmoja anauza salfa na mabomba ya kupulizia mikorosho, ya tano ilikuwa stoo yangu. Maisha yanaenda.

Sasa mwezi wa tatu nikakuta X nyekundu kwenye milango yote mitano, rangi imechuruzika mpaka kwenye kufuli. Jumamosi jioni ndo kijana mmoja ananiletea karatasi, imeandikwa nimejenga ndani ya hifadhi ya barabara nibomoe mwenyewe ndani ya siku 7, kuangalia tarehe ya juu ni ya Jumatatu iliyopita, kwa hiyo zimebaki siku mbili na moja ni Jumapili. Jumatatu asubuhi nipo ofisini kwao, naambiwa mama rudi wiki ijayo, mhusika yupo semina Dodoma. Jumatano saa moja asubuhi greda hilo hapo na mgambo, dada wa vitenge hata hakumaliza kutoa mzigo. Wamevunja tatu, sijui mafuta yaliisha au nini, wakaondoka wakasema watarudi kumalizia. Mbili zimebaki zimesimama kama meno ya mzee. Na kinachoniuma, jengo la jirani lipo mstari mmoja na langu, ukuta kwa ukuta, halijaguswa, hata X halina. Watu wanasema ana shemeji yake huko juu, mi sijui.

Nina mtoto wa dada yangu yupo Marekani anaendesha malori, kanipigia anasema ingekuwa huku mama mdogo ungeshaushtaki mji mzima na maafisa wake kwa majina yao, inaitwa kesi ya haki za raia, na unalipwa. Je, na kwetu ipo? Yule afisa naweza kumshtaki yeye kama yeye? Jirani mwingine ananiambia niende baraza la ardhi, mwingine anasema niende mahakama ya haki za binadamu Arusha, kila mtu wakili. Na hizo mbili zilizobaki nifanyeje maana wamesema watarudi. Imeshapita miezi mitano.

Mama Fremu

JIBU

Shikamoo mama, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na naanza na kitu ambacho hujaniuliza. Umesema ofa ni ya marehemu. Je, mirathi mlifungua? Hujaandika popote, na wasiwasi wangu ni kwamba hamkufungua, maana familia nyingi mzee akifariki watoto wanakubaliana mama akae, basi, imeisha. Nyumbani hiyo inatosha, mahakamani haitoshi. Ukienda kushtaki kwa jina lako wakati kiwanja kinasoma jina la mumeo, wakili wa upande wa pili atasimama aseme huyu mama siye mwenye mali, na kesi inatupwa hujatamka hata neno greda. Anayedai mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa hiyo kesho, sio wiki ijayo, itisha kikao cha ukoo muandike muhtasari, chukua cheti cha kifo, nenda mahakama ya mwanzo. Mengine nitakayokwambia yaende huku hilo linatembea.

Haya, Marekani. Kijana wako hajakudanganya ila kakata kona. Wenzetu wana sheria ya mwaka 1871, ilitungwa baada ya vita yao ya utumwa, wakati Ku Klux Klan wanawaua na kuwachomea watu weusi nyumba kule kusini kwao na maafisa wa majimbo ama wamekunja mikono ama nao wamo. Ikasema mtu yeyote anayetumia mamlaka ya jimbo akikunyang'anya haki yako ya katiba, unamshtaki. Ni sheria hiyo hiyo mpaka leo wenye nyumba na viwanja wanaitumia kushtaki miji. Ila mwaka 1978 Mahakama ya Juu yao ikasema mji hauwajibiki eti tu kwa sababu mtumishi wake kakosea, lazima uonyeshe kosa lilitokana na sera au mazoea ya mji wenyewe. Na afisa mmoja mmoja naye ana kinga yake, humpati mpaka haki aliyovunja iwe wazi kiasi kwamba afisa yeyote angejua hapa nakosea. Kwa hiyo hata huko kesi nyingi zinafia mlangoni, mwambie kijana aache kutisha watu.

Lakini kuna kesi yao moja inafanana na yako mpaka nikashtuka. Mama mmoja wa kijiji cha Willowbrook, jimbo la Illinois, anaitwa Grace Olech, yeye na mumewe waliomba kuunganishiwa maji. Kijiji kikasema sawa, ila tupeni kipande cha ardhi upana wa futi 33 kipite bomba, wakati wenzao wote walidaiwa futi 15. Mume akafariki, mama akaendelea na kesi. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu yao ikamwambia hata kama uko peke yako, sio kabila wala dini, ukionyesha umetendewa tofauti na wenzako walio kwenye hali ile ile na hakuna sababu ya maana, unayo kesi ya usawa. Kundi la mtu mmoja, ndo walivyoliita. Ona sasa, silaha yake haikuwa machozi, ilikuwa namba mbili, 33 na 15. Nitarudi hapo kwenye namba.

Sasa kwetu. Haki ipo na imeandikwa. Katiba ya 1977 ibara ya 24 inasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali na huwezi kunyang'anywa bila idhini ya sheria inayoweka fidia inayostahili. Ibara ya 13 inasema watu wote sawa mbele ya sheria, na ndani yake kuna haki ya kusikilizwa kikamilifu, ambayo mtu aliyepewa notisi Jumamosi jioni na kuambiwa mhusika yupo semina hajaipata hata kijiko. Ibara ya 30 inakupa mlango wa Mahakama Kuu, na ipo sheria ya 1994 inayoeleza namna ya kupeleka hayo maombi, shauri lenyewe linasikilizwa na majaji watatu. Hapo sasa ndo inafanana na ile ya kijana wako.

Ila mi sikushauri uanzie huko, na hapa mawakili wenzangu wengine watanibishia. Sheria hiyo yenyewe inasema kama kuna njia nyingine ya kisheria ya kupata nafuu, Mahakama Kuu isitumie mamlaka yake hayo, na marekebisho ya 2020 yakakaza zaidi, lazima uape umeathirika wewe binafsi na uwe umemaliza njia nyingine kwanza. Kichekesho ni kwamba mwaka mmoja kabla, 2019, Wamarekani walifanya kinyume chake. Mama mwingine, Rose Mary Knick wa Pennsylvania, ana shamba ambalo mamlaka ya pale ilidai lina makaburi ya zamani, wakatunga amri kwamba mwenye ardhi yenye makaburi aache watu waingie mchana kuzuru. Akaenda mahakama ya shirikisho, na Mahakama ya Juu yao kwa kura 5 kwa 4 ikafuta kanuni ya tangu 1985 iliyokuwa inamlazimisha mtu aanzie mahakama za jimbo kudai fidia. Huku kwetu ambako kila shamba la mikorosho lina kaburi la babu sijui angeshtaki nani, ndugu wanakuja na mkeka na ubani na mwenye shamba ndo anawachemshia chai. Ila ndo hivyo, wao 2019 wakafungua mlango, sisi 2020 tukaurudishia nusu.

Kwa hiyo njia yako ni kesi ya madai ya kawaida: halmashauri imeingia kwenye mali yangu kinyume cha sheria, imevunja, nilipwe. Hoja za katiba unazitia humo humo ndani.

Sasa sikiliza siku. Zamani ili uishtaki serikali ulikuwa unaomba kwanza ruhusa ya serikali yenyewe, yaani unamwomba aliyekupiga kibali cha kumshtaki, mpaka 1993 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun ikasema hicho kifungu kinakwenda kinyume na katiba. Ruhusa ikaondoka, ikabaki notisi ya siku 90, yaani barua ya kuwaarifu kwamba unakusudia kuwashtaki. Halmashauri zilikuwa na notisi yake fupi zaidi, lakini tangu mabadiliko ya 2020 nazo zimeingizwa kwenye siku 90, na nakala lazima iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Zikiisha ndo unafungua kesi, na kwenye hati ya madai lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu. Usipomuunganisha kesi nzima inaharibika. Nimeona watu wana haki nyeupe kama maziwa wanarudishwa nyumbani kwa sababu hiyo moja, na wanarudi wanasema jaji kahongwa, kumbe ni jina moja halikuandikwa.

Na usikae ukasema siku 90 zinatosha ngoja nipumzike. Sheria ya ukomo ina vipimo tofauti, kugombea ardhi yenyewe miaka 12, madhara ya kawaida miaka 3, lakini kudai fidia kwa kitu kilichofanywa kwa kutumia sheria fulani iliyoandikwa ni MWAKA MMOJA. Wewe utasema walivamia, wao watasema tulikuwa tunatekeleza sheria ya mipango miji, halafu wanaweka pingamizi kwamba mwaka umepita. Usiwape hiyo nafasi, hesabu kwa mwaka mmoja. Umeshatumia miezi mitano, notisi itakula mitatu, ni minane, mirathi nayo ina foleni yake. Unaona kwa nini nimesema kesho?

Wapi? Baraza la ardhi na nyumba la wilaya linasikiliza madai ya ardhi mpaka thamani ya milioni 300, kwa hiyo jirani yako angekuwa sahihi kama ungekuwa unagombana naye yeye mpaka wa uzio. Lakini mshtakiwa akiwa halmashauri ni Mahakama Kuu, haijalishi ni fremu moja au kumi, na kwetu sisi wa mikoa hii miwili ni masjala ya Mtwara. Wa Lindi pia wanakuja huko huko. Arusha usahau, ile Mahakama ya Afrika ipo kweli lakini Tanzania ilijitoa mwaka 2019 kwenye tamko lililokuwa linaruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ina ofisi Lindi, malalamiko unapeleka bure na wanaweza kuchunguza na kuwaita hao wakubwa wajieleze, ila mwisho wao wanatoa mapendekezo, hawatoi hukumu. Peleka, haikuzuii chochote, ila usiiache notisi eti unasubiri Tume.

Kuhusu afisa kwa jina lake. Najua ndo unachokitaka zaidi, nimeona ulivyoandika. Inawezekana kumuweka mtumishi kama mshtakiwa, lakini sheria zetu zinamlinda aliyefanya kazi kwa nia njema, na mwisho wa siku aliyemtuma ndo anayebeba. Ukitaka kumbana binafsi inabidi uonyeshe alitoka nje ya kazi yake, alikuwa na chuki, aligushi, alijua notisi haijafika na bado akatuma greda. Maneno ya "watu wanasema ana shemeji" hayafai, tena usiyaandike kwenye notisi hata kidogo maana utageuziwa kesi wewe. Kama kuna mtu alikwambia umwone kwanza ndo X ifutwe, hilo ni la TAKUKURU, na ulipeleke peke yake usilichanganye na hili.

Sasa namba. Chukua kamba ya mita, ile ndefu ya mafundi, mchukue na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kama atakubali, pima kutoka katikati ya barabara mpaka ukuta wa fremu yako iliyobaki, halafu pima mpaka ukuta wa jirani. Piga picha kamba ikiwa chini na namba inasomeka. Ukikuta wewe ni mita 11 na yeye ni mita 11, hiyo picha ina nguvu kuliko mashahidi kumi wa shemeji. Na uliza kwa barua, barabara hiyo ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa zinazosimamiwa na TANROADS hifadhi yake kwa sheria ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, zamani ilikuwa 22.5, na ndo maana kuna X nyekundu na kuna X ya kijani: nyekundu wewe uliifuata barabara hulipwi, kijani barabara ndo imekufuata unalipwa. Kama yako ni ya mtaa tu hiyo mita 30 haikuhusu, wakuonyeshe mchoro wa mipango miji. Na wajibu swali hili dogo: kama ni hifadhi ya barabara, ofa ya 1998 nani aliisaini, kibali cha 2009 nani alikigonga muhuri? Mi nikiwa wakili wako hapo ndo ningekaa, sitoki.

Ile karatasi ya notisi itunze kama dhahabu. Usiandike kitu juu yake, wala usiipeleke kulaminishwa ikapotea. Tarehe iliyochapwa na siku iliyofika mkononi ndo kesi yako ya kutosikilizwa, kwa hiyo kama yule kijana alikusainisha daftari la kupokelea, kumbuka uliandika tarehe gani. Dada wa vitenge na kinyozi waandike maelezo yao sasa hivi kabla hawajahamia Masasi. Hasara ya vitu vinavyohesabika, bati, milango, kodi ya pango kila mwezi, mahakama zetu zinataka uitaje moja moja na uithibitishe kabisa kabisa, hakuna kukadiria, kwa hiyo mikataba ya wapangaji na daftari lako la kodi, hata kama ni daftari la shule lenye picha ya twiga, lete. Maumivu na usumbufu jaji ndo anayakadiria mwenyewe.

Fremu mbili zilizobaki. Hapa usisubiri siku 90, maana greda halisubiri. Wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu itoe amri ya muda hali ibaki ilivyo mpaka notisi iishe, mawakili wanaita Mareva, ni jina la kampuni ya meli kwenye kesi moja ya Uingereza mwaka 1975, usiliogope. Kuizuia serikali kwa amri ya mahakama sio kitu chepesi kwa sheria zetu, jaji anaweza kukataa, lakini kwa majengo yaliyosimama na X juu yake ndo sababu yenyewe ya kuomba. Hela ya wakili kama hakuna, tafuta mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya 2017, uliza ofisi ya msajili msaidizi hapo hapo wilayani kwako. Na tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo usikubali mtu akusainishe karatasi ya Kiingereza anakwambia ndo utaratibu.

SWALI

Kaka mambo. Mi nipo Lindi, shamba letu lina minazi, mikorosho na makaburi mawili, ni la babu hatuna hati. Walikuja watu wa mradi wakahesabu kila mti tukasaini fomu na picha tukapigwa tumeshika namba kifuani kama wafungwa, tukaambiwa tusiendeleze kitu. Saivi mwaka wa tatu kimya. Mikorosho haijapuliziwa maana nani atapoteza salfa kwa kitu cha watu. Mtendaji anasema tuvumilie, eti bila hati tushukuru hata hicho kitakachokuja. Tunaweza kushtaki? Kijana wa Minazini

JIBU

Poa. Kwanza huyo mtendaji mwambie kwa heshima kwamba hilo la hati liliisha 1994. Baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walikuwa wakulima tu, ardhi yao ya kimila ikataka kufutwa na sheria ya 1992, wakaenda mpaka Mahakama ya Rufani na Mwanasheria Mkuu akashindwa. Mahakama ikasema haki ya kimila ya kukaa kwenye ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 kama mali nyingine. Kwa hiyo hamshukuru mtu, mnadai.

Pili, uthamini una umri. Kwa sheria ya uthamini ya 2016 fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe, ikizidi hapo inaanza kuzaa riba, na ikifika miaka 2 uthamini umekufa, inabidi warudi wahesabu upya kwa bei mpya. Ninyi mpo mwaka wa tatu, kwa hiyo swali la kuuliza kwa barua ni tarehe gani uliidhinishwa, maana ni hiyo inayohesabiwa, sio siku mliyopigwa picha. Barua ipelekeni wawili mkagongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Msiende kwa mdomo, mdomo hauna muhuri.

Na muangalie kilichomo. Fidia sio miti tu. Kanuni za 2001 zinataja thamani ya ardhi yenyewe, posho ya usumbufu, na kama mnaishi hapo kuna kodi ya nyumba ya miezi 36 na gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, sijui nani Lindi ana mzigo wa tani 12 lakini imeandikwa, idaini. Makaburi yana sheria yake ya 1969 ya kuhamisha na gharama zake ziko peke yake, yasijumlishwe na minazi. Kushtaki mnaweza, kwa siku 90 zile zile nilizomwambia mama hapo juu. Mikorosho mie ningeipulizia. Kama uthamini umekufa wakirudi watahesabu mti ulivyo siku hiyo, na mti uliokauka hauna bei.

SWALI

Wakili, sisi tulishinda halmashauri mahakamani, hukumu ipo tangu mwaka jana, hawalipi. Dalali kasema tumpe laki tano akamate gari la mkurugenzi, V8 nyeupe, anajua mpaka inapoegeshwa. Tumpe?

JIBU

Msimpe. Mali ya serikali haikamatwi kutekeleza hukumu, na tangu mabadiliko ya 2020 halmashauri nazo zimo kwenye kinga hiyo. Utaratibu ni mahakama kuwapa cheti cha deni, kinaenda kwa anayehusika kulipa, na wao wanatakiwa walipe au waliweke kwenye bajeti. Kama mna hukumu tu na cheti hamjaomba basi kosa ni lenu, kiombeni leo. Kama mnacho na wamekaa nacho kimya, mnarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za ofisi, atimize wajibu wake, na hapo sasa ndo anaitwa yeye, na akiidharau amri ya jaji inakuwa yake binafsi, sio ya halmashauri tena. Kwa amri hiyo kuna ukomo wake, maombi ya kibali yanatakiwa ndani ya miezi 6 tangu kitendo mnacholalamikia, kwa hiyo barua ya mwisho waliyowajibu ni ya lini? Itafuteni. Laki tano mtalipia wakili, na hiyo V8 muipungie mkono ikipita.